Ugwe na Koki Saba

Nyamvula alipoleta habari, Mwanatabu alikuwa amekaa mlangoni pake, mtaa wa Shika Adabu, Likoni, akichambua mchele wa mtu mmoja. Kazi hiyo haichukui muda. Mchele wa mtu mmoja huisha kabla mikono haijapata joto, na Mwanatabu alikuwa amejizoesha kuurudia mara ya pili, hata kama hauna jiwe, mradi asubuhi isogee.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona wapita mbio hivyo, wafukuzwa?"

"Nachelewa kazini." Nyamvula alikaa nyumba ya pili kutoka hapo, na kazi yake ilikuwa kufua mashuka katika hoteli moja ya ufukweni huko huko Likoni. Alisimama huku ameshika mlango, kama mtu asiyetaka kukaa wala kuondoka. "Nilitaka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Ile chemchemi ya babu yafukiwa Jumamosi. Lori la udongo lishaagizwa. Wapanda maua."

Mwanatabu aliweka ungo chini.

"Imefanya nini?"

"Yarusha maji, bibi. Wiki iliyopita bwana harusi mzima kaloweshwa suruali, hapa mbele, na wapiga picha wako. Watu wakacheka mpaka bibi harusi akalia. Meneja amesema basi."

Alipokwisha kusema hayo aliingia ndani bila kuambiwa, akautazama mtungi, akauona hauna maji ya kutosha, akachota ndoo mbili kwenye bomba la uani akajaza. Kisha akaenda zake mbio kweli. Mwanatabu aliona jambo hilo na akaliweka moyoni, kwa maana alijua mwenye kuchelewa kazini hukatwa mshahara.

Chemchemi yenyewe ilikuwa katikati ya ua wa hoteli. Wenyewe waliiita hivyo, ingawa chemchemi ya haki hutoka ardhini kwa hiari yake, na hii ilitoka kwa pampu. Ilikuwa birika la duara la mawe, upana wake hatua kumi, na ndani yake midomo saba ya shaba iliyorusha maji juu, mmoja katikati na sita kuuzunguka. Faki, mumewe Mwanatabu, aliitunza kwa miaka thelathini na moja. Sasa ulikuwa mwaka na miezi minne tangu azikwe.

Na Faki hakuwa akisikia. Ujanani alifanya kazi kwenye mashine ya kuvunja mawe, na mashine ile ikamla masikio kidogo kidogo, hata alipofika miaka arubaini alikuwa akisikia radi tu. Watu wa hotelini hawakujua kwamba fundi wa maji aliyesifiwa kwa sauti ya chemchemi yake hakuwahi kuisikia sawasawa. Walidhani mwanamke yule wa buibui, aliyekuja naye mara mbili kila mwaka, upepo wa kusi unapoingia na wa kaskazi unapoingia, alikuja kutembea.

Yeye ndiye aliyekuwa masikio. Koki za midomo ile saba zilikuwa ndani ya shimo, hatua sita kutoka birikani, na aliyemo shimoni haoni maji hata tone. Basi Faki alishuka na ncha moja ya ugwe imefungwa mkononi, na Mwanatabu alikaa kwenye ukingo wa birika na ncha ya pili. Ugwe ule aliusokota mwenyewe kwa leso yake kuukuu. Akivuta mara moja, fungua. Mara mbili, funga. Mara tatu, hiyo tosha, nenda koki nyingine. Na zikisha zote saba alivuta mvuto mmoja mrefu, wa polepole, maana yake njoo juu. Faki hupanda, hukaa kando yake, humtazama midomo na kumuuliza kwa ile sauti yake kubwa ya kiziwi, "Haya, yasemaje leo?" Naye humweleza.

Sasa ugwe ulikuwa umekunjwa sandukuni, ndani ya kanzu ya Faki ya Idi.

Siku ile mchele ulipikwa ukaliwa nusu. Alhamisi asubuhi Mwanatabu alivaa buibui lake, akatia ugwe mkobani pamoja na fungu la ukwaju, akaenda hotelini kwa miguu.

Mlinzi wa getini, Masha, alimjua. Hakumuuliza aenda wapi. Alimtolea kiti chake mwenyewe apumzike, akasimama yeye, na akapiga simu ndani. Baada ya muda akaja kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye ovaroli ya buluu na spana mfukoni. Huyu alikuwa Kefa, aliyeshika kazi ya Faki. Kwao ni bara, upande wa Vihiga, na hapa pwani alikuwa na mke na mapacha mtaani Chaani.

"Shosho, karibu. Wewe ndio mama wa Mzee Faki?"

"Mimi ni mkewe. Na shosho simjui, labda umtafute huko kwenu. Hapa mimi ni bibi."

Kefa alicheka, akakuna kichwa. "Pole, bibi. Mimi nimejaribu hiyo kitu mpaka nikachoka. Pampu ya zamani iliungua, wakaleta mpya, hii ni kali sana. Nikifungulia, maji inaruka hadi kwa wageni. Nikifunga, inatoka kama mtoto anakojoa. Na nimefanya vile uliniambia."

"Nilikwambia nini?"

"Si ulituma Nyamvula? Nilimtuma akuulize Mzee alikuwa anapima na nini. Ukasema nifuate sauti."

Mwanatabu alikumbuka. Wakati ule alikuwa edani, hatoki nje, wiki ya tatu tu tangu mazishi, na maneno yalikuwa mazito kama mawe. Nyamvula alipouliza alijibu hilo moja, *mwambie afuate sauti*, akageukia ukuta. Hakuwaza tena.

"Nipeleke nikaione," akasema.

Walimkuta meneja uani. Aliitwa Carolyne, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kazi na simu mbili. Aliinama kumpa Mwanatabu mkono, akampa pole ya mumewe kama mtu aliyekuwa ameiweka muda mrefu akisubiri wa kumpa. Kisha akasema kweli.

"Mama, mimi sina ubaya na hii chemchemi. Lakini leo nina watu themanini wa semina, wanatoka kula saa saba, na njia yao ni hii hapa. Upepo unauona. Mtu mmoja akiloa tena, au akiteleza, mimi ndiye nitaulizwa. Udongo unakuja kesho kutwa."

"Na wasipoloa?"

Carolyne aliitazama saa yake, kisha akamtazama Kefa. "Mpaka saa saba," akasema. "Wakipita wakavu, nitaongea na lori."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Mwanatabu alilizunguka birika polepole, mkono juu ya ukingo. Mawe yalikuwa yameota ukungu wa kijani upande wa kaskazini, upande ambao kusi huyatupa maji. Faki asingeukubali. Midomo ya shaba ilikuwa myeupe kwa magamba, kwa sababu maji ya kisima cha hoteli yana chumvi na chokaa, na mdomo ukishaota magamba maji hutoka yamepinda, haidhuru pampu iwe ya namna gani.

"Hii waisafisha kwa kitu gani?"

"Waya."

"Waya waukwaruza, kesho yaota zaidi. Ifungue yote saba. Na uniletee sufuria na maji ya moto."

Kefa alizima pampu, akavua viatu, akaingia birikani. Mpishi mmoja, ambaye Mwanatabu hakuambiwa jina lake, alileta sufuria mwenyewe badala ya kumtuma mtu, na pembeni ya sufuria kikombe cha chai ya maziwa na mahamri mawili yaliyofunikwa sahani. Mwanatabu alivuruga ukwaju mzito, wakaitumbukiza midomo yote, na hapo hapakuwa na la kufanya ila kungoja saa moja.

Walikaa ukingoni. Kefa alipewa hamri moja akakataa, akapewa tena akala.

"Bibi, Mzee alisomea wapi hii kazi?"

"Kwa fundi wa Kihindi aliyejenga birika hili. Faki alikuwa bado na sikio moja wakati huo." Mwanatabu alipuliza chai. "Huyo fundi akimpa kazi, ampa na hadithi. Na Faki akirudi nyumbani anipa mimi. Wajua zamani hakukuwa na pampu?"

"Sasa maji iliruka aje?"

"Waliweka tangi juu mlimani, wakashusha bomba. Maji yakumbuka yalikotoka. Ukiyashusha yataka kurudi juu, ila hayafiki pale pale, hupungukiwa kidogo kwa kuchoka njiani. Warumi walifanya hivyo. Waarabu wa Andalusi wakafanya, wana simba wa mawe kumi na wawili watema maji mpaka leo. Na Baghdadi kulikuwa na ndugu watatu waliotengeneza chemchemi yabadilika umbo yenyewe, mara yasimama kama mkuki, mara yafunguka kama ua, hakuna mtu aigusaye."

"Bila stima?"

"Stima ya wapi. Maji na vipimo tu." Akanywa. "Na kulikuwa na mfalme wa Ufaransa, bustani yake ina chemchemi nyingi kuliko maji. Hayatoshi zote kwa pamoja. Basi mafundi walijificha vichakani. Mfalme akikaribia, mmoja apiga mluzi, mwenzake afungua koki. Mfalme akisha kupita, afunga, na mluzi waenda kwa wa mbele. Yule mfalme kila aendako aona maji yaruka, adhani yaruka siku zote."

Kefa alicheka mpaka akashika tumbo. "Hao ni kama sisi na meneja akipita."

"Faki aliipenda hiyo kuliko zote. Alisema, mimi mluzi siusikii, kwa hivyo nitafutie kitu kingine. Ndipo nikasokota huu."

Akautoa ugwe mkobani. Kefa aliupokea kwa mikono miwili. Mwanatabu alimweleza mvuto mmoja, na miwili, na mitatu, na yeye akaandika kwa kalamu kwenye kiganja: 1 fungua, 2 funga, 3 ingine. Ule mrefu Mwanatabu hakuutaja. Alijiambia kwamba hautahitajika.

"Si ungenipigia simu tu?"

"Ukiwa mle ndani waisikia?"

Kefa akafikiri. "Hapana. Pampu inapiga kelele. Na hakuna mtandao."

Saa tano midomo ilitoka ikiwa myekundu kama mipya. Kefa aliifunga mahali pake, akawasha pampu, akashuka shimoni. Maji yaliruka juu ya vichwa vya minazi midogo, upepo ukayadaka na kuyamwaga upande wa pili. Mwanatabu alikaa upande wa kusi, akajifunga ugwe kwenye kidole cha shahada, akafumba macho.

Akavuta mara mbili. Mdomo wa kati ukashuka. Vizuri. Akavuta mara mbili tena. Ukashuka, ukakaribia pale, kisha ukapanda tena wenyewe. Akavuta. Ukashuka, ukapanda. Alifumbua macho akatazama, kwani alidhani ni upepo. Alijaribu koki ya pili, ikawa vivyo hivyo. Kila akifika karibu na sauti anayoijua, maji yanarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayekuja mlangoni akageuka.

Saa tano na nusu. Saa sita kasorobo. Ugwe ukamkata kidole. Akamwita mtunza bustani amwite Kefa.

Kefa alitoa kichwa shimoni, jasho jembamba likimtoka. "Nini, bibi?"

"Nakwambia funga, wewe wafungua."

"Nafunga! Wallahi nafunga." Neno hilo alikuwa amelipata pwani. "Lakini nikifunga, bomba zinaanza kunguruma, zinatetemeka, naona nimezidisha. Narudisha kidogo tu. Nafuata sauti."

Mwanatabu aliuangalia ule uso wa jasho, na kile kiganja chenye maandishi, akamwona Kefa mwaka mzima na zaidi akishuka peke yake katika shimo lile, akitega sikio kwa ngurumo za mabomba, akifuata neno alilotumiwa na mjane aliyegeukia ukuta. Alikuwa amelifuata barabara. Chini kule hakuna sauti ya maji, kuna kelele za chuma. Faki hakupata kuzisikia. Yeye mkono wake ulikuwa hauna la kusikiliza ila ugwe.

"Kosa ni langu, mwanangu," akasema. "Sauti ni ya huku juu. Sikukwambia. Nilidhani kila mtu ajua."

"Sasa tufanye aje? Masikio siwezi kutoa."

"Waweza kuyaziba."

Masha alileta pamba kutoka kwenye kisanduku cha dawa cha getini. Mwanatabu mwenyewe aliisokota vipande viwili, akavitia mate kidogo kama anayemtengenezea mjukuu, akamziba Kefa masikio. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kama asikia. Kefa alimtazama midomo, akainua mabega.

Mwanatabu alikuwa hajatazamwa midomo hivyo na mtu kwa mwaka na miezi minne.

Walianza upya saa sita na robo. Sasa ugwe ulisema na mkono ukaitika. Maji ya mdomo wa kati yalishuka mpaka urefu wake ukawa nusu ya upana wa birika, kipimo alichofundishwa Faki na fundi wake, maana maji yasiyozidi hapo hata upepo ukiyasukuma huangukia nyumbani kwao. Akavuta mara tatu. Wa pili. Wa tatu. Upande unaotazama kusi aliuinua kidogo kuliko mwingine, ili uvunje upepo. Wa sita ulimsumbua, ukawa wapiga kama kofi, akaurudisha mara nne kabla haujatulia. Wa saba.

Kisha akasikia.

Ilikuwa ndiyo ile sauti. Haikupungua kitu. Alikaa ameshika ugwe, na bila kufikiri mkono wake ukavuta ule mvuto mrefu, wa polepole, mpaka mwisho.

Kifuniko cha shimo kiligonga mawe. Kefa alitoka mbio, magoti yamechubuka, amekodoa macho. Alimfikia akamshika mabega.

"Bibi! Umeanguka? Ulivuta sana, nikadhani umeanguka."

"Sijaanguka." Alitikisa kichwa ili aelewe. "Kaa hapa."

Akakaa. Mwanatabu alikuwa na maneno yake tayari, yalikuwa mdomoni. Kefa akachomoa pamba sikio moja, akachomoa la pili, akatega. Uso wake wote ukafunguka.

"Aaah. Kumbe ndio hii," akasema. "Kumbe ndio hii walikuwa wananiambia." Akasikiliza kwa muda mrefu, akitabasamu, wala hakuuliza yasemaje. Kwa nini aulize? Masikio alikuwa nayo.

Saa saba wageni wa semina walitoka. Themanini, vitambulisho shingoni, wakiongea. Upepo ulikuwa mkali kuliko asubuhi, uligeuza karatasi za mtu mmoja zikaruka mpaka jikoni. Maji yaliinama na upepo, yakainuka. Mama mmoja alikaa ukingoni akachovya vidole huku akiongea na simu. Carolyne alikuja nyuma ya wote. Alilizunguka birika zima, mkono wake juu ya mawe, kisha akautazama mkono. Ulikuwa mkavu. Akatoa simu moja, akampigia mwenye lori.

"Changawa? Huo udongo wa Jumamosi leta, lakini pitia mlango wa nyuma. Tutapanda mchicha." Akakata. Akamwambia Mwanatabu, "Mama, utakula hapa leo," na akaenda mwenyewe kumtafutia meza ya kivulini.

Baada ya chakula Kefa alimsindikiza mpaka getini. Alikuwa amekunja ugwe vizuri, mkunjo wa mtu anayejali kitu cha mwenzake, lakini hakuutoa haraka.

"Bibi, kaskazi ikiingia itabidi tupime tena, sivyo? Mimi ninaweza kuuweka pale shimoni. Kuna msumari, nafikiri ni Mzee aliupiga. Nitakuja kukuchukua mimi mwenyewe."

Mwanatabu aliutazama ugwe. Ua jekundu la leso yake lilikuwa bado laonekana pale uliposokotwa vibaya. Aliwaza kanzu ya Idi, na lile tundu litakalobaki katikati yake.

"Uweke," akasema. "Usiuloweshe. Na ule mvuto wa mwisho, ule mrefu, uandike nao. Maana yake, njoo juu."

Kefa akaandika papo hapo chini ya yale matatu.

Alifika Shika Adabu alasiri. Mtungi ulikuwa umejaa tena, alijua ni mkono wa nani. Aliswali, akafagia mahali palipokuwa safi, na magharibi ilipokaribia akapima mchele kikombe kimoja, akautia maji, akaanza kuuosha. Kidole cha shahada kilikuwa bado na mstari mwekundu.

Aliutikisa mchele bakulini, akasimama, akautikisa tena.

"Leo yasema," akaanza, na sauti yake ikamshangaza, kwa kuwa nyumbani humo hakukuwa na wa kusema naye, "yasema kama mtu aosha mchele chumba cha pili."

Faki alikuwa na jibu lake la siku zote kwa maneno hayo. Basi karibu tutakula, angesema, kwa ile sauti kubwa, kisha angecheka.

Mwanatabu alingoja kiasi cha mtu kucheka. Kisha akamwaga maji ya kwanza, akabandika sufuria.